Vyumba Visivyohesabiwa

Inspekta Noreen LaPrairie alipiga magoti kwenye mbao za chumba cha juu, koti bado mwilini, akamulika tochi pembeni mwa ukuta. Mabomba mawili yalitokeza sakafuni. Juu yake, tangu nyumba ijengwe, palikuwa na rejeta ya chuma, ile inayopitisha maji moto na kukipasha chumba joto. Sasa zilibaki alama za miguu yake minne tu, zimeng'ang'ania kwenye mbao.

Pumzi yake ilitoka kama moshi. Na hapo yumo ndani ya nyumba.

"Dada, kahawa inapoa," sauti ilisema mlangoni. Alikuwa Karla Maunu, binti wa marehemu, aliyekuja kutoka Arizona kumzika mama yake. Alikuwa amevaa sweta mbili za mama huyo, moja juu ya nyingine. "Mwizi mmeshamkamata. Unatafuta nini tena huku kwenye friji?"

"Natafuta mahali maji yalipomwagika."

"Maji hayakumwagika."

"Ndiyo hicho kinachonisumbua. Njoo uone."

Karla aliinama. Kila bomba lilikuwa limezibwa kwa kizibo cha shaba, kipya, kimekazwa kwa spana, na chini ya kizibo ulionekana ule utepe mweupe wa mafundi unaozuia bomba lisivuje.

"Mtu akiing'oa rejeta ovyo, maji ya nyumba nzima yanashuka hadi sebuleni," Noreen alisema. "Dari lenu ni kavu. Aliyezitoa rejeta za huku juu alifunga maji kwanza, akang'oa, akaziba, kisha akayafungua tena. Alitaka huku juu kupoe, na chini kubaki na joto."

"Mwizi mwenye huruma, basi."

"Na nguvu. Rejeta moja ina uzito wa mtu mzima. Zimeshuka ngazi hii nyembamba zote nne, na ukuta haukukwaruzwa hata kidogo."

Karla alitazama kiti kilichokuwa dirishani, akageuza uso. Ndipo alipokutwa mama yake, Bi Aili Maunu, amekaa, mikono imefungwa kwenye shali, amekufa kwa baridi mwezi wa kwanza, siku ya dhoruba kubwa. Daktari aliandika baridi. Mwendesha mashtaka akasema aliyeiba rejeta ndiye aliyemuua, na Ijumaa angempandisha kizimbani kwa kosa hilo mtu mmoja aitwaye Dwight Pelkey, mwizi wa vyuma chakavu. Kabla ya Ijumaa zilibaki siku mbili.

"Kitanda chake kiko chini," Noreen alisema. "Karibu na jiko, penye joto. Alipanda huku kufanya nini?"

"Kaka yangu ndiye aliyemhamishia chini kabla ya Krismasi. Alimwambia afunge mlango wa ngazi na asipande." Karla alijaribu kucheka. "Lakini mama yangu kuambiwa! Tulipokuwa vijana mimi nachelewa dansini, narudi nanyata, viatu mkononi, namkuta kwenye kiti hichohicho. Hakulala mtu asipofika. Haongei. Anakutazama tu, halafu ndiyo anakwenda zake kulala."

Noreen aliketi kwenye kile kiti. Dirisha lilitazama juu mlimani, si ziwani. Mji mzima wa Duluth umejengwa mtelemkoni juu ya ziwa, kila nyumba inaona paa la mwenzake, na pale juu, katikati ya miti iliyobeba theluji, palionekana nyumba moja yenye mlango wa buluu na dirisha pana la jikoni.

"Ile ya nani?"

"Ya Kurt. Kaka yangu."

Noreen aliinuka kitini. Walishuka jikoni. Karla alikata mkate wa iliki, mkate wa mwisho wa mama yake, aliokuwa ameukuta kwenye friza akaupasha.

"Wezi wa mji huu nao," Karla alisema, akimsogezea sahani. "Wameiba hadi ukubwa. Nimeiona nyumba yetu kwenye kompyuta ya kaunti, eti futi elfu moja. Mimi nimelelewa kwenye futi elfu moja? Tulikuwa tunacheza kujificha humu, wanatutafuta mpaka wanakata tamaa."

Kikombe cha Noreen kilisimama njiani. "Iliandikwa lini?"

"Desemba, nadhani."

"Na wewe uliripoti wizi lini?"

"Nilipofika msibani. Januari. Nilipanda juu, nikakuta hazipo."

Noreen alikunywa kahawa yake yote, akachukua kofia.

* * *

Dwight Pelkey aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amevaa fulana ya mahabusu ya rangi ya machungwa iliyomzidi mabega.

"Afande, umeniletea sigara?"

"Hairuhusiwi."

"Basi niletee hata pole."

"Umekutwa na rejeta tatu kwenye pikapu yako, Dwight."

"Za ile shule iliyofungwa. Nimeshakiri, nikasaini, nikasaini tena mahali nilipokosea. Ya yule bibi sikugusa. Mtu yumo ndani, moshi unatoka kwenye paa, mimi niingie nibebe chuma mbele ya macho yake? Mimi ni mwizi, si kichaa."

Noreen alimsogezea picha ya kile kizibo cha shaba. Dwight aliitazama, akaangua kicheko hadi askari wa mlangoni akachungulia.

"Huyu mwizi au shemeji yake bibi? Mimi nina msumeno na mguu, afande. Nakata, napiga teke, nakimbia. Utepe mweupe! Hebu niambie, alifagia pia?"

"Alifagia."

Kicheko kilimkatika. Aliirudisha picha taratibu, kwa ncha ya kidole, kama kitu cha moto.

"Basi huyo alimpenda," alisema. "Sikiliza. Mwaka juzi nilimwondolea theluji mlangoni yule bibi. Akanipa mkate wa iliki, mzima, si kipande. Waambie watu mimi ni mwizi, ni kweli. Lakini nina binti anakwenda shule hapa mjini. Asiambiwe baba yake aliua bibi wa watu."

"Ijumaa ndiyo itakayosema."

"Ijumaa haijui kitu. Wewe ndiye unayejua sasa."

* * *

Katika ofisi ya uthamini ya kaunti, Marcy Opsahl alikuwa akila supu mbele ya skrini mbili. Yeye na Noreen walisoma pamoja.

"Shoga, ukija na uso huo najua sitaimaliza supu yangu."

"Chumba cha nyumba kinawezaje kupotea, Marcy?"

"Kirahisi. Kanuni yetu inahesabu vyumba vilivyo juu ya ardhi, vyenye joto la kudumu. Chumba cha chini ya ardhi hakihesabiwi, hata ukikijaza zulia. Watu wa asili ya Finland wananililia kila mwaka kwa sababu sauna zao, vyumba vya kuogea mvuke, ziko chini: eti babu alizaliwa humo! Nawaambia, hongera, lakini hakihesabiwi. Na kisicho na joto, vilevile."

"Kikiwa na hita ya kuchomeka ukutani?"

"Hapana. Lazima joto liwe la nyumba yenyewe. Ng'oa rejeta, umeng'oa chumba."

Noreen alimpa anwani. Marcy aligonga vitufe. Mpimaji alifika mwezi wa Desemba, akakuta ghorofa ya juu ni baridi na mabomba yamezibwa, akaandika alichokiona. Futi za mraba elfu moja na mia saba zikashuka hadi elfu moja.

"Mpimaji gani?"

"Kijana mgeni, mwaminifu. Kurt Maunu hawezi kupima nyumba ya mama yake, ni mwiko kazini."

"Kurt ni mthamini?"

"Mthamini? Huyo ndiye anayewafundisha wengine! Ulikuwa hujui?" Marcy aliweka kijiko chini. "Noreen, kuna nini?"

"Nionyeshe bei zinavyotoka. Polepole, kama unamfundisha bibi yako."

Marcy alifungua picha. Skrini ilijaa nukta, kama mtama uliomwagwa. "Kila nukta ni nyumba iliyouzwa upande ule wa mlima. Kwenda kulia ni ukubwa, kwenda juu ni bei. Unaona zinavyopanda pamoja? Sasa natafuta mstari mmoja ulionyooka upite katikati. Kila nukta inalalamika jinsi mstari ulivyo mbali nayo. Iliyo mbali mara mbili, nahesabu malalamiko yake mara nne. Mstari wenye malalamiko machache kuliko yote, huo ndio ninaouchukua."

"Halafu?"

"Halafu nyumba yoyote ukiniambia ukubwa wake nakukisia bei. Unaanza na dola elfu arobaini, unaongeza mia moja na thelathini kwa kila futi."

Noreen alipiga hesabu kwa penseli pembeni mwa leso ya karatasi. Futi elfu moja na mia saba: laki mbili na sitini na moja elfu. Futi elfu moja: laki moja na sabini elfu.

"Tazama lakini," Marcy aliendelea. "Hakuna nukta inayokaa sawasawa juu ya mstari. Huyu ana jiko jipya, yuko juu. Huyu jirani yake ana mbwa wanne, yuko chini. Huyu aliuza kwa haraka kwa sababu ya talaka. Mstari hauyajui hayo, unajua futi tu. Umbali ule kati ya nukta na mstari ndiyo watu wenyewe."

"Na nyumba ya Bi Aili? Kuna mauzo yanayosubiri?"

Marcy alitafuta. Aliikuza picha, akaikuza tena. Nukta moja ilikuwa imelala juu ya mstari kabisa, kama shanga kwenye uzi.

"Laki moja na sabini elfu kamili," alisema. "Hii haikuuzwa sokoni. Soko halina shabaha hivi. Mtu ameuuliza mstari bei, akaandika jibu."

"Mnunuzi nani?"

Marcy hakuhitaji kusoma kwa sauti. Aligeuza skrini, na Noreen akajisomea.

* * *

Noreen alimpigia Karla simu akiwa ndani ya gari, injini inaunguruma, kioo kimeganda.

"Kurt alikuwa ananunua nyumba ya mama yenu?"

"Ndiyo. Mama alitaka kuja kukaa na mimi Arizona majira ya joto. Tukasema nyumba isitoke nje ya ukoo."

"Bei nani alipanga?"

"Mimi ndiye niliyetoa wazo." Sauti ya Karla ilikuwa na fahari kidogo. "Nilimwambia, Kurt, watu hugombana kwa ajili ya nyumba mpaka hawasalimiani. Wewe una ule mstari wako wa kazini. Tuuache mstari uamue, mama na mimi tusiibiwe sehemu zetu, wewe usionewe. Mama alifurahi. Alisema mstari hauna mtoto kipenzi."

"Bei ikija kubwa kuliko uwezo wake?"

"Basi angeniambia."

"Hakukuambia."

"Kwani ilikuwa kubwa?" Noreen alisikia kikombe kikiwekwa mezani. "Dada, mbona unaniuliza haya? Angeniomba tu. Ningempa sehemu yangu bure. Mimi naitaka ya nini, nina jua mwaka mzima. Angefungua mdomo tu aseme, Karla, sina."

Noreen alikwangua barafu ya kioo kwa ukucha.

"Ni yeye?" Karla aliuliza. "Noreen. Ni Kurt?"

"Kaa hapohapo nyumbani, Karla. Nitarudi mwenyewe."

* * *

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mlima Noreen alipogonga mlango wa buluu. Kurt Maunu alifungua, mtu mrefu, ndevu hazikunyolewa tangu mazishi. Alitazama nyuma ya Noreen kana kwamba alitarajia gari zaidi ya moja.

"Karibu. Vua viatu, sakafu ina joto."

"Nataka kuona gereji yako kwanza, bwana Maunu."

"Unayo karatasi ya hakimu?"

"Ninaweza kuileta. Na ninaweza kukaa hapa mlangoni mpaka iletwe, nikiganda."

Kurt aliangalia soksi zake. "Mama angenichapa nikimwacha mgeni agande," alisema, akatangulia.

Rejeta zilikuwa chini ya turubai, zote nne, zimepangwa kwa mstari juu ya blanketi. Zilikuwa zimesuguliwa kutu, zimepakwa rangi ya fedha. Ziling'aa kama ndiyo zinatoka kiwandani.

"Umezipaka rangi," Noreen alisema.

"Nilimwambia nazitoa kwenda kuzipaka rangi. Sikutaka iwe uongo mtupu." Alikaa juu ya kopo la rangi lililopinduliwa. "Kila Jumapili nikienda kunywa kahawa ananiuliza: Kurt, rangi ya rejeta zangu bado tu haijakauka? Namwambia baridi hii, mama, inachelewa."

"Kwa nini?"

"Benki ilikubali kunikopesha laki moja na themanini elfu, basi. Mstari unasema laki mbili na sitini na moja. Nimeupigia hesabu ule mstari kwa nyumba za watu wote wa mlima huu, sijawahi kumwonea mtu hata futi moja. Nikasema, mara hii moja. Vyumba vya juu vitoke, nyumba iingie mkononi mwangu. Majira ya kuchipua nazirudisha, kila kitu kinakuwa kama kilivyokuwa."

"Ungemwambia dada yako huna."

"Nimwambie nini? Yeye aliondoka akafanikiwa. Mimi nilibaki hapa, nilipaswa kuwa mimi ndiye mwenye uwezo." Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Angecheka."

Noreen alilifikiria lile jibu la Karla kwenye simu. Hakulitoa. Palikuwa na mtu mwingine mwenye haki ya kulisema, naye alikuwa anasubiri kule chini.

"Dwight Pelkey yuko ndani tangu wiki iliyopita," alisema. "Ulijua."

"Nilijua."

"Ana mtoto shuleni."

"Nilijua na hilo. Kila asubuhi nilikuwa navaa viatu nije kwenu, nafika mlangoni, navivua." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Lakini mimi nilimhamishia kitanda. Niliweka joto chini nikalipima, lilikuwa zuri. Nilimwambia afunge mlango wa ngazi. Hakuwa na haja ya kupanda kule. Inspekta, nimekaa nimewaza mpaka kichwa kinauma. Choo kiko chini. Redio iko chini. Alifuata nini juu?"

"Siku ya dhoruba ulikuwa wapi?"

"Mjini Hibbing. Nilikwenda kupima nyumba, barabara ikafungwa. Nikalala kwenye hoteli ya madereva."

"Ulimpigia mama?"

"Simu zilikatika mji mzima."

"Hapa nyumbani uliacha taa?"

"Taa ya nini? Hapakuwa na mtu."

"Njoo," Noreen alisema.

Alimwongoza hadi jikoni, akamsimamisha kwenye lile dirisha pana. Chini yao mtelemko ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu. Nyumba ya Bi Aili ilionekana kati ya miti, paa lake jeupe, na chini ya paa, dirisha moja la ghorofa ya juu.

"Kile kiti chake kilikuwa kimetazama huku," alisema. "Kutoka kule huoni kitu kingine ila dirisha hili. Nimeketi nikatazama."

Kurt alisogea karibu. Akaweka viganja viwili kwenye kioo.

"Hakulala mtu asipofika," alisema mwishowe, taratibu sana, kama anayesoma maandishi ya mbali. "Alikuwa ananisubiri niwashe taa."

"Ndiyo."

"Nina miaka hamsini na sita."

"Ndiyo, bwana."

Alilia amesimama, paji la uso kwenye kioo, bila kelele. Noreen alingoja. Hakumfunga pingu. Alipotulia alimletea koti lake kutoka msumarini, akamshikia kama anayemvisha mtoto, mkono mmoja, kisha wa pili.

"Nina ombi," Kurt alisema. "Nizirudishe kwanza. Nusu siku tu, nina spana zote. Karla yumo mle, na kule juu kuna baridi."

"Ni ushahidi sasa. Siwezi."

"Basi mwambie asipande juu."

"Nitamwambia."

Nje lilikuwa giza la jioni ya Februari, lile linaloingia mapema. Mlangoni Kurt aligeuka nyuma, kwa mazoea ya mtu anayetoka nyumbani kwake, akapeleka mkono kwenye swichi aizime taa ya jikoni iliyokuwa inawaka. Kidole kilifika, kikasimama hapo.

Alimtazama Noreen.

"Iache," Noreen alisema.

Waliteremka kwenye theluji hadi kwenye gari. Kule chini, katika nyumba ya futi elfu moja na mia saba, Karla alikuwa amepanda juu na sweta zake mbili, amesimama nyuma ya kile kiti. Aliiona taa ikiwaka kwa kaka yake. Alingoja imwonyeshe mtu, hadi gari la polisi lilipopita chini ya dirisha lake, likiteremka kuelekea mjini, na taa bado inawaka.